Fundo la Agosti

Nimbgaon,
Wilaya ya Satara.
16 Agosti 1988

Mpendwa Mama Mdogo Sulabha,

Na lile swali lako la mwisho, kama baba mkwe ameanza kunisemesha, barua iliyopita nililikwepa, lakini leo siwezi kujizuia! Ngoja kwanza nikuamkie. Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mvua ya Nagpur imepungua? Sisi huku wazima, tumelowa tu, na mimi nina furaha mpaka naona aibu.

Ninad hajambo. Mama Mdogo, mume wangu akivaa lile shati jeupe la sherehe, siwezi kumtazama mara mbili mbele za watu. Juzi nililipiga pasi mara tatu, mama mkwe akaniambia, "We bibi harusi, utaliunguza hilo shati kwa mapenzi."

Sasa nikujibu. Tangu harusi ya Mei, Baba hakuwahi kuniita kwa jina lolote. Kwake nilikuwa "huyu". "Mwambie huyu alete maji." Hakuwa mkali, ila hakuwa amesahau kwamba mwanawe alijichagulia mke. Ninad alinisihi nivumilie. Nilivumilia, ingawa siku nyingine nililia jikoni nikasingizia moshi.

Jana ilikuwa Siku ya Uhuru, na hapa kijijini sikukuu hiyo ni ya Baba. Ni askari mstaafu, na kwa miaka kumi na tisa yeye ndiye anayeifunga bendera ya shule na kuipandisha. Huikunja, akatia katikati maua ya manjano yaliyochambuliwa, akaikaza kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja. Agosti bendera hufungwa chini, ikapanda, ndipo ikafunguliwa, kwa kuwa siku ile nchi iliinuka kutoka chini ya wageni. Januari, Siku ya Jamhuri, huwa inangoja juu kabisa, maana nchi ilikuwa imekwisha kusimama. Nilifundishwa hivyo nilipokuwa kadeti shuleni, na bado nasisimka nikifikiri kwamba kamba tu inaweza kusimulia yote hayo.

Basi alfajiri nikampelekea chai uwanjani. Nikatazama mlingoti. Bendera ilikuwa juu, imefungwa. Juu! Baba alikuwa ameifunga ya Januari. Watoto walikwisha kuanza kuzunguka vichochoroni wakiimba, na muda si mrefu kijiji kizima kingekuwa pale, pamoja na maaskari wenzake wa zamani ambao wangemcheka mwaka mzima. Na mimi, "huyu", ndiye wa kumwambia? Nilivuta upindo wa sari kichwani.

"Baba, hiyo ni ya Januari."

Akatazama juu. Kisha akanigeukia.

"Nani kakufundisha?"

"Nilikuwa kadeti, Baba."

"Sasa kadeti gani anasimama na birika? Shika kamba, mwanangu, watoto wanakuja!"

Mwanangu! Nusura niiangushe chai. Tuliishusha pamoja, na fundo akaniachia mimi. Nilipokuwa nikilifunga, alinieleza kwamba tarehe ishirini na sita Januari mwaka 1930 baba yake alisimama na wenzake ukingoni mwa mto Krishna wakaapa kudai uhuru kamili. Alipigwa virungu, na bendera hakuiachia. "Nyumbani kwetu Januari ilitangulia," akasema, "ndiyo maana mikono imenipotosha."

Baba alipovuta kamba mbele ya watu nilifumba macho. Kama fundo lingegoma? Kisha nikasikia maua yananiangukia usoni na watoto wanapiga kelele. Mama Mdogo, zile rangi za zafarani, nyeupe na kijani kwenye mawingu ya mvua! Ninad alinifinya mkono kwa siri.

Na Baba angeweza kunyamaza, nisingemwambia mtu. Lakini vitamu vya jalebi vilipogawiwa akatangaza mwenyewe, "Miaka ishirini jeshini, leo nimesahihishwa na mkwe wangu!"

"Basi mwakani afunge yeye, wewe upike chai," mwenzake akamtania.

"Nitapika, na mtainywa mtake msitake!"

Mama mkwe akadakia, "Miezi mitatu huyu, huyu. Leo ulimi umepona?" Baba alicheka hadi akapaliwa.

Mchana aliniuliza ni nani aliyenilea nikawa jasiri hivi. Nikakutaja wewe, ambaye hakukualika harusini kwa sababu ndiwe uliyekuwa ukitupitishia barua zetu, mimi na Ninad, kabla ya ndoa. Aliinamisha kichwa. Baadaye akamtuma Ninad aulizie treni ya Nagpur, tiketi tatu, si mbili. Amesema maneno aliyonayo kwako hayafai kuandikwa, anataka kukuomba radhi kwa mdomo wake.

Nisalimie Baba Mdogo Hemant na dada Vasudha, na Mungu akuponye huo mguu upesi. Kabla mwezi huu haujaisha utatuona mlangoni kwako, mimi, Ninad na Baba.

Mwanao anayekupenda kupita kiasi,
Ketaki