Kwa Mama Yetu, Aliyetuonyesha Nuru ya Kale Ndani ya Chenga

Mama, mwaka umepinduka tangu Ijumaa ile ulipotoka na chupa yako ya chai, ukasema utachelewa kidogo kwa sababu ya kusahihisha madaftari, na hatukukuona tena.

Kila mtu alikuwa na jina lake la kukuita. Baba, dereva wa treni mstaafu, alikuita Bosi. Shuleni, ulikofundisha fizikia hadi mwisho, ulikuwa Madamu Kwanini, maana mwanafunzi akikupa jibu sahihi ulimuuliza "kwa nini?", na akikupa lisilo sahihi ulimuuliza vilevile. Kanisani ulikuwa mwalimu wa watoto wa Jumapili. Kwetu ulikuwa Mama tu, mwenye vumbi la chaki kwenye mikono ya gauni, unayeimba jikoni kwa raha mpaka mboga inaungua.

Asubuhi ulipiga magoti kando ya kitanda, ukasali kwa sauti ndogo kama mtu anayezungumza na jirani. Ukitoka hapo ulikaa mezani na vitabu vyako vya nyota, miwani moja machoni na nyingine kichwani. Mtu akikuuliza unawezaje kumwamini Mungu na huku unatafuta umri wa ulimwengu, ulicheka. "Kama yeye ameweka mlango, mimi ni nani nisibishe hodi?"

Baba alikuwa na lake: "Bosi anatafuta mwanzo wa ulimwengu, na funguo za nyumba zimemshinda."

Mambo yalianza na ile televisheni yetu kuukuu ya chogo, yenye mgongo mkubwa. Uliibeba hadi darasa la Jumapili, ukaiwasha bila stesheni, zikatokea chenga, vile vidoa vyeupe na vyeusi, na ule mvumo wake. Ukawaambia watoto kwamba sehemu ndogo ya chenga zile ni mabaki ya nuru ya kale kuliko zote, ambayo imekuwa ikisafiri tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga.

"Na kabla ya hapo kulikuwa na nini, Mwalimu?" aliuliza mmoja.

"Sijui."

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Si raha hiyo?"

Yule mtoto alirudi kwao akasema Mwalimu amewaonyesha Mungu kwenye televisheni. Kufika Jumatano, Mungu alikuwa ameshageuka pepo, na televisheni ilikuwa inataja majina ya watoto. Tulicheka, Mama. Wewe ulicheka kuliko sisi sote.

Jumapili iliyofuata mzee wa kanisa, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alisimama wakati wa matangazo. Hakupandisha sauti. "Mwalimu wa kanisa hasemi 'sijui' mbele ya watoto," alisema. "Hilo ni neno la nani? Jiulizeni wenyewe." Mchungaji, mtu asiyependa ugomvi, alitazama viatu vyake.

Baada ya hapo watoto walianza kupungua. Watu wakawa wanasogea kwenye benchi ukikaa, kidogo kidogo, kama wanaokupisha. Simu ikawa inalia, tunapokea, tunasikia mtu anapumua tu. Asubuhi moja mbwa wetu hakubweka. Tulimkuta nyuma ya tangi la maji, povu mdomoni. Kisha geti likapakwa alama kubwa nyekundu. Baba aliigusa kwa kidole, akasema, "Rangi nzuri hii. Ya bei." Hakuna aliyecheka.

Dada yako, mshonaji, alikuja akakukalisha kitako. "Mdogo wangu, omba radhi yaishe."

"Niombe radhi kwamba sijui? Basi niseme najua? Huo ndio ungekuwa uongo, dada, na watoto wangenishika palepale."

Ulimwomba mchungaji nafasi ya kusema, akakupa. Ulisimama mbele na lile gauni la bluu. Hukusema mengi. "Naamini Mungu aliumba. Namna alivyoumba, naitafuta, na kila ninapopata kipande namshukuru. Nikisema nayajua yote, nitakuwa nimekalia kiti chake." Hakuna aliyesema amina. Feni ya juu ilizunguka, mtu mmoja akakohoa, ukarudi kukaa.

Mlangoni mzee wa kanisa alikushika mkono kwa mikono yake miwili. "Madamu, umeongea vizuri sana," alisema huku akitabasamu. "Ila jiangalie na huo moto unaouchezea."

Tulidhani anasema jehanamu.

Maabara ya shule iliungua Ijumaa ya wiki ileile, wanafunzi wakiwa wameshaondoka. Ulikuwa ndani, peke yako, na madaftari. Tuliambiwa ni hitilafu ya umeme. Mwanao wa kwanza, fundi umeme, alimfuata askari aliyeandika taarifa.

"Afande, chumba kile hakina umeme tangu muhula uanze. Paa lilikuwa linavuja, mkuu wa shule akaniita, nikakata waya kwa mkono wangu huu."

Askari alifunga jalada taratibu. "Kijana, zikeni kwanza."

Tukazika. Mzee wa kanisa alibeba jeneza, upande wa mbele. Alilia. Saruji ya kaburi aliitoa dukani kwake bila malipo, akasimama kando yake hadi ilipokauka. Tunapokuja kukusalimia, Mama, ndiyo hiyo tunayoikanyaga.

Binti yako kitindamimba sasa anasoma fizikia. Jumamosi anakaa sebuleni kwetu na watoto wa mtaa. Alianza na mmoja, aliyeingia kwa mlango wa nyuma. Siku hizi viti havitoshi. Wanauliza, anawajibu. Asipojua, anasema hajui.

Juma lililopita mwanamke mmoja wa kwaya, uliyemfundisha tangu akiwa mtoto, alisimama getini. Hakutaka kuingia.

"Baba, mwambieni binti aache hayo ya Jumamosi. Nawapenda, ndiyo maana nasema."

"Nani amekutuma?" Baba aliuliza.

Alitazama barabarani kwanza, juu na chini. "Sijatumwa. Nimesikia tu."

"Umesikia nini, mwanangu?"

Alikuwa ameshaanza kutembea. Hakukimbia, lakini viatu alivivua akavishika mkononi.

Baba alirudi ndani, akafunga dirisha, akasimama, akalifungua tena. Akatuita kikao. Dada yako alitaka tufungashe vitu tuende kwake. Baba alimsikiliza mpaka mwisho. "Anayetaka kuondoka nitamsindikiza, tena sitamlaumu," alisema. "Mimi nabaki na mke wangu." Kitindamimba wako aliinuka akaanza kupanga viti.

Ibada ya kukukumbuka itafanyika hapa nyumbani, Jumamosi baada ya saa sita mchana, geti likiwa wazi. Tumewaalika majirani wote, walimu wenzako, na kila aliyewahi kuulizwa na wewe "kwa nini?". Aliyeona nani aliingia maabara Ijumaa ile naye tumemwalika, ingawa hatumjui jina. Tunajua yupo, shule ina majirani, na moto uliwaka mchana kweupe.

Mzee wa kanisa tumempelekea mwaliko kama wengine. Amejibu kwamba atakuja, na kwamba hatakuja peke yake.

Unakumbukwa na mumeo, dereva wa treni mstaafu, mwanao fundi umeme na mkewe, binti yako muuguzi, kitindamimba wako, mjukuu wako, ambaye bado anauliza utarudi lini, na dada yako mshonaji, ambaye jana alihamia kwetu na cherehani yake.

Hatujakusahau, Mama. Wala hatuhami.