Dawa Niliyoigandisha

Jumatatu, 3 Februari
Leo miezi kumi na tisa tangu niondoke nyumbani. Daktari wa kampuni kanipima sukari kabla sijatia kitu mdomoni: kumi na nne. Kile kipimo kinachosoma miezi mitatu ya nyuma — kumi nukta nne. Kasema katikati ya Mei kisiposhuka chini ya nane hasaini cheti changu cha afya. Bila cheti siendeshi foklifti ya kunyanyulia mizigo, na mkataba wangu unakwisha Mei hiyo hiyo. Kaniandikia sindano ya kalamu, dawa imo ndani yake, najidunga mwenyewe mara moja kwa wiki, tumboni. Kalamu moja, wiki nne. Vidonge niendelee navyo.

Ijumaa, 7 Februari
Nimejidunga. Sindano yenyewe nyembamba kama unywele, nilifumba macho bure. Nesi wa kampuni kasema dawa inataka baridi. Baridi kwangu si shida, nafanya kazi ghala la samaki wa kugandishwa. Nimeificha nyuma ya maboksi, digrii kumi na nane chini ya sifuri. Nikiihitaji naiyeyusha kwapani.

Jumapili, 9 Februari
Hakuna kitu. Njaa ile ile, kiu ile ile. Mwenzangu wa chumbani — tunamwita Redio kwa sababu hazimiki — kasema sindano ya kweli mtu anaisikia siku hiyo hiyo. Labda yangu mvivu.

Jumatatu, 3 Machi
Kalamu imekwisha. Sukari kumi na nne, haijasogea. Nesi kauliza naitunza wapi. Nikajibu kwa maringo: dada, yangu imeganda kuliko samaki. Kaweka kalamu mezani, kasema: Kaka, umejidunga maji mwezi mzima. Dawa hii ikiganda imekufa, hata ukiiyeyusha haifufuki. Ni baridi ya friji ya jikoni, si ya barafu.
Nilicheka. Halafu nikahesabu wiki zilizobaki, kicheko kikaisha.
Naanza upya, na dozi ndogo. Hiyo ni ya kuuzoesha mwili tu, kasema, nguvu yake utaiona wiki ya nane, ya kumi na mbili. Usiikimbize.

Jumatano, 12 Machi
Siku ya tano na kalamu mpya. Kichefuchefu tangu asubuhi. Redio kauliza mimba ina miezi mingapi.
Mchana nimebakiza nusu sahani. Mimi, ninayekwangua sufuria. Sikujizuia — nilisahau tu kuendelea. Nikaitazama ile sahani kama ya mtu mwingine. Sikujua kumbe tumbo linaweza kunyamaza.

Jumamosi, 5 Aprili
Jana dozi imepandishwa. Leo asubuhi sukari tisa. Nimepima mara mbili, nikidhani mashine imeharibika.
Zamani niliamka mara tano kwenda chooni, sasa mara moja. Mkanda nimeutoboa tundu jipya kwa msumari. Nakaa kitandani naishika kalamu. Tone dogo kuliko chozi, na wiki nzima linafanya kazi, mimi nikipakua mizigo, mimi nikikoroma. Mtu gani alikaa chini akaliwaza jambo hili? Ningemwona ningempa mkono.

Jumapili, 4 Mei
Saba. Nilitaka kushangilia, nesi kanituliza. Ya leo ni ya leo, kasema, kipimo cha daktari kinasoma na ya nyuma. Damu inakumbuka miezi mitatu. Basi Februari yangu ya barafu bado imo mwilini, imehifadhiwa. Kosa nililomficha mke wangu, damu inalo. Jambo hilo limenipa hofu, na limenistaajabisha zaidi ya hofu.

Jumatano, 14 Mei
Wametoa damu, kichupa kimoja. Jibu Ijumaa.
Mke wangu kapiga simu ya picha. Kasema: Baba watoto, shingo yako imerudi. Kilo sita, nikamwambia. Kasema sasa atanikumbatia mikono ikutane. Tulicheka sana.
Kisha kauliza: unakuja lini?
Nikipita, napewa likizo ya mwezi na mkataba mpya. Nisipopita, wananikatia tiketi ya kwenda tu. Ndege ni ile ile, siku ni ile ile. Nimemwambia Jumapili, tarehe moja Juni, mchana, nitakuwa mlangoni kwake.
Hakuuliza nitakaa muda gani. Nami sikusema.