Zeituni za Bi Dvora

Kaka Aqeel,

Salaam kutoka North York, ambako theluji inaanguka polepole mpaka mtu hajui kama yu macho. Mwanangu Sahar hajambo. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza.

Juzi nilimpelekea jirani yangu Bi Dvora pilau ya mboga, maana yeye ni Myahudi, hali nyama zetu. Nimeshamzoesha kutorudisha bakuli tupu, basi likarudi na zeituni za mwanawe, anayeishi kwenye kijiji kidogo cha walowezi wa Kiyahudi, kilimani kule Ukingo wa Magharibi. Walianza na matrela tu. Mahakama ya kwao ikaamuru wahame, serikali ikawaahidi hati za ardhi, na karibu dunia nzima inasema hawana haki pale. Wapalestina wenye mizeituni wako bondeni, wanaitazama.

"Na wewe wasemaje?" nikamuuliza.

Akaangalia theluji. "Ni mwanangu."

Sijazila, sijazitupa. Mama alitufundisha kwamba sala haiswihi juu ya ardhi ya kunyang'anya.

Tangu hapo naota napanda kilima kile, napiga hodi, na anayenifungulia ni wewe. Kaka, kile chumba ulichojenga Tanga, kwenye kiwanja cha watoto wa Mzee Shekue, bado unatandika mswala humo?

Dada yako akupendaye,
Ruqayyah