FlgM na Posa ya Kabula

Bariadi, Alhamisi. Jua kali, vumbi tupu, na kichwa changu kimegoma.

Nipo nyumbani likizo, ila likizo gani hii? Wiki ijayo nina sapu, mtihani wa marudio, ya mikrobiolojia chuoni, na nikifeli tena nimedisko, chuo basi. Swali lililoniangusha lilikuwa moja: bakteria anajuaje wakati wa kuwasha jeni za mkia wake wa kuogelea?

Tangu asubuhi nasomea sebuleni, juu ya magunia ya pamba. Siku hizi wanunuzi binafsi wameruhusiwa, kila gari linakuja na mzani wake, na baba anaringa, anasubiri lenye bei nzuri.

Nilichoelewa ni hiki. Mkia unajengwa kwa hatua: kwanza kitako kwenye ukuta wa seli, halafu ndoano, mwisho uzi mrefu. Jeni za uzi huwashwa na protini iitwayo sigma 28, lakini protini nyingine, FlgM, imeing'ang'ania isifanye kazi. Ndoano ikikamilika, FlgM inatolewa nje kupitia tundu la mkia huohuo. Sigma inabaki huru, uzi unaanza kutengenezwa.

Sawa. Sasa nani anaamua kwamba ndoano imetosha? Nikifika hapo navurugikiwa, naanza upya.

Mchana mama akaniletea jingine. Jumamosi wanakuja watu kutoka Migato kumposa mdogo wangu, Kabula, na baba amesema atawarudisha. Kwetu mdogo hatangulii kuolewa, na mimi mkubwa sina hata mchumba.

“Mkubwa hajatoka, mdogo atapitia wapi?” Ndivyo baba alivyomjibu mama.

Nikafunga kitabu.

Jamani, FlgM ni mimi.

Niliona aibu, kisha nikakasirika. Mimi nimemshika nani? Nasoma zangu tu! Au labda kila anayezuia wenzake hujiona hivyohivyo, hana kosa, yupo tu. Kabula amenipikia siku zote hizi na hajaninunia hata mara moja. Hilo ndilo limeniuma zaidi.

Jioni nilimfuata baba zizini.

“Baba, waache waje. Mimi msinisubiri.”

Aliendelea kumfunga ndama. “Tusikusubiri mpaka lini?”

“Hata sijui kama nitaolewa.”

Sikuwahi kulisema hilo, hata moyoni. Limetoka tu, na mpaka sasa sielewi kama ni kweli au nilitaka tu Kabula apate njia. Baba alikaza fundo la kamba ya ndama, nami nikatamani nilirudishe.

“Haya, mayu,” akasema, akiniita kama anavyomwita mama yake. “Waje.”

Kabula alinifuata mbio jikoni akanipigia goti kushukuru. Nikamwinua, nikamwambia nimefurahi. Na nimefurahi kweli, nampenda mdogo wangu.

Sasa mbona, alipotoka tu, nimebaki nalia?