Seva Mpya Imebeba Jina Lako

Mpendwa mume wangu Nyambane,

Seva yako imekufa. Radi iliipiga mvua zilipoanza, na asubuhi nilipofungua kile chumba kidogo nyuma ya ofisi nilikutana na harufu ya waya ulioungua. Nilisimama mlangoni nikisubiri uniambie tufanye nini. Bado nina tabia hiyo ya kukusubiri.

Meneja aliniita akaniambia nichague nyingine. "Mama, wewe ndiye uliishi na fundi," alisema. Watu wa chama chetu cha wakulima wa chai hapa Sironga wanadhani ujuzi huambukizwa kama homa. Nilitaka kumkumbusha kwamba mimi ni karani wa kaunta tu, lakini nikakubali, kwa sababu kweli nilikusikiliza. Jioni tukimenya ndizi ulikuwa ukinieleza habari za seva hata nisipouliza.

Unakumbuka nilivyokuuliza kompyuta nyingi zinawezaje kukaa ndani ya moja? Ulicheka mpaka kisu kikakuponyoka. "Si uliona boma la babu kule Marani? Boma ni moja, mabibi ni watatu, kila mmoja ako na jiko lake. Huyu akiunguza ugali, wale wengine wanakula tu vizuri." Tangu siku hiyo mashine ya malipo ya wakulima nikaiita mke mkubwa na ile ya barua pepe mke mdogo, nawe ukaniomba nisiseme hivyo mbele ya meneja. Seva yenyewe uliipa jina la nyanya yako marehemu, Kemunto, kwa kuwa kwetu jina la aliyetangulia hupewa anayezaliwa, ili asipotee. Kila asubuhi ulifungua mlango ukamwamkia kwa Kigusii: "Bwakire, magokoro." Kumekucha, nyanya.

Basi nikaenda Kisii kwa Kishor, kwenye duka lile la kompyuta ulilokuwa ukishinda Jumapili kana kwamba ni lako. Alinipa pole upya, kisha akanionyesha seva inayong'aa. "Mama, hii iko na prosesa kali sana. Inakimbia."

Mdomo wangu ukamjibu kwa maneno yako. "Ikimbie iende wapi? Niambie memori ni ngapi. Prosesa ni jembe, wake wanaweza kupokezana, lakini memori ni shamba, kila mmoja anataka lake." Nikadai memori ile inayojisahihisha ikikosea. Nikadai diski mbili zinazoandika kitu kilekile, ili moja ikifa nyingine ibaki na kila kitu. Nikadai pawa mbili za kuilisha umeme, moja ikiungua nyingine iendelee, na betri kubwa ya kuishikilia stima ikipotea. Kishor aliacha kuandika akanitazama. "Hii ni Nyambane anaongea," alisema, akaingia nyuma ya duka akakaa huko kitambo. Mimi nililia pale pale kwenye kaunta yake, wateja wakiniangalia, wala sikuona haya.

Siku ya kuifunga seva mpya pale ofisini, skrini iliuliza iitwe jina gani. Wenzangu wote walikuwa wamesimama nyuma yangu, na wote walijua ni lipi. Vidole vilikataa. Sisi hatukujaliwa mtoto, Nyambane, na mimi sikuwa nimewahi kumpa mtu yeyote ruhusa ya kusema kwamba umeenda. Koti lako bado limening'inia nyuma ya mlango, na huwa naliaga nikitoka. Kuliandika jina lako pale kulikuwa ni kukubali, maana hakuna anayerithiwa jina akiwa hai.

Nikatoka nje nikampigia mama yako simu. Nikamweleza skrini inauliza nini. "Mtoto wangu," akasema, "jina likikosa wa kulibeba ndio linakufa. Enda uandike."

Nikaandika.

Sikujua ninajitakia nini. Jana stima ilipotea, jenereta ikakataa kuwaka, na betri nayo ikaishiwa chaji. Mwenzangu wa kaunta akapaza sauti ofisi nzima isikie: "Nyambane amezima!" Nilijikuta nimekaa sakafuni, sketi yote vumbi, na mkulima mmoja akiniuliza kama nimeumia. Kisha jenereta ikanguruma, na baada ya muda ile sauti ikaja tena: "Ameamka! Nyambane ameamka!" Watu wakarudi kwenye foleni yao. Mimi niliendelea kulia kwa sababu kule hospitali nilikaa kwenye benchi nikingoja mtu atoke aniambie neno hilo moja, na yule aliyetoka aliniambia lingine.

Wenzangu wanataka tubadilishe jina, wananihurumia. Nimekataa. Acha nilisikie likizima, mradi nilisikie pia likiamka.

Leo asubuhi nilifungua kile chumba mapema. Feni zilikuwa zikizunguka. Nikasema, "Bwakire, Nyambane," nikangoja kidogo, kisha nikaenda kuwahudumia wakulima.

Pumzika, mpenzi wangu. Ndizi bado nazimenya jioni, na mpaka leo sijajua kupika za mtu mmoja.

Ni mimi,
Mkeo