Meno Manne na Ncha Nane za Waya

Jumatatu, 14 Julai 1947

Betri imefika Likoni. Imevuka na feri, kisha ikapanda mlima kwa mkokoteni wa Ruwa, jirani yangu, na mimi nyuma nimeishikilia kama jeneza la tajiri. Ni betri ya lori la askari. Vita vimekwisha, Waingereza wanauza mpaka vijiko. Nimepata na globu moja ya taa ya lori na swichi yake, na bunda la waya: mpira mweusi juu, nyuzi saba za shaba ndani. Waya ni huo tu. Ukiisha, umekwisha.

Mke wangu Mwanarusi kauliza hiki kitu kinakula nini. Nikamwambia kinakula kama wewe, kidogo kidogo na manung'uniko mengi. Kanirushia kijiti.

Niandike sababu, nisije nikadhani ni upuuzi wangu wa kila siku. Macho yake. Moshi wa kandili umemmaliza. Juma lililopita alisuka ukili wa mkeka jioni nzima, akatia kijani mahali pa nyekundu, hakujua mpaka asubuhi. Aliufumua kimya. Bora angenitukana.

Jana alikuja binti yetu Dhahabu. Kwake kisiwani kuna taa za stima. Ati mama akimaliza Idi akakae kwake "kidogo tu". Naijua kidogo ya Dhahabu. Jogoo wetu alimchukua kidogo tu, mwaka wa tatu huu.

Nikasema: Idi itakuta taa humu ndani. Dhahabu akacheka. Mwanarusi hakucheka — wala hakukataa kwenda. Hilo la kutokataa ndilo linaloniwasha.

Jumatano, 16 Julai

Kazi imeanza. Nimehesabu: betri ncha mbili, swichi mbili, globu mbili, na pale mlangoni waya unapoungwa, mbili. Ncha nane za kuchuna mpira. Si kazi hiyo.

Miaka kumi na mmoja nilifuatana na watu wa nyaya za simu, mpaka Voi huko. Hapakuwa na mtu mwenye chombo cha kuchunia waya. Chombo ni kinywa. Unauma, unazungusha, unavuta, unatema. Msimamizi kabla hajakuandika alikufunua mdomo kama anunuaye punda. Nilikuwa na meno wakati huo! Sasa yamebaki manne, mawili juu na mawili chini, lakini yanakutana, na kukutana ndiko kunakotakiwa.

Leo nimechuna ncha mbili. Nyuzi saba zote nzima. Mwanarusi alikuwa mbele yangu anachana miyaa, majani ya kusukia ukili, naye kwa meno kama kawaida yao wasukaji. Tumekaa kama punda wawili malishoni.

Jumamosi, 19 Julai

Mwezi umeonekana, tumefunga. Asubuhi nimekaa na waya, mkono umezoea, nikautia kinywani. Hapo hapo kapita shemeji Ishaka, kaka yake Mwanarusi. Huyu hufagia msikiti, basi hujiona ameujenga.

"Shemeji, umekula."

"Nimekula nini?"

"Waya."

"Waya ni chakula kwenu?"

"Kila kinachopita kooni."

"Haujapita. Huu hapa. Pima urefu."

Tukaenda kwa mwalimu wa dini baada ya adhuhuri. Mwalimu kasikiliza pande zote, ndevu zikawa zinamtikisika. Kasema kama sikumeza, saumu yangu ipo. Ila mzee wa rika langu kutafuna waya wa lori mchana wa Ramadhani ni kuwatia watu majaribuni. Basi nimekatazwa, kwa heshima. Ishaka karudi njia nzima anatembea mbele yangu.

Nyumbani nimemkuta Mwanarusi naye ameyaweka meno likizo. Anachana miyaa kwa ukucha na sindano. Polepole, ameinamia uso mpaka karibu apumue ndani ya jani.

Jumanne, 22 Julai

Nimepata rai! Ruwa ni Mkristo, hafungi. Meno yake ni halali mchana kutwa, na anayo yote, meupe kama ya mamba. Nikamwita.

Kauma. Kazungusha. Kasema, "Mzee Matano, huu waya una ladha ya gari." Halafu kauma tena — kwa! — kaukata. Kipande cha shubiri kimeanguka. Nikampa ncha nyingine, nikamwambia taratibu, kama unamuuma mtoto wa mtu. Kaukata tena.

Nimemwachisha kazi. Nguvu anazo, subira hana.

Alhamisi, 24 Julai

Leo kisu. Ncha moja ikatoka safi kwa macho. Nikaifunga kwenye betri, nikajaribu globu ukutani. Imewaka — wallahi imewaka — kisha nikasikia harufu. Pale penye ncha palikuwa pa moto wa kuunguza kidole. Kufungua naona kisu kilikwisha kukata nyuzi nne, zimebaki tatu. Mwendo wa watu saba umelazimishwa kupita mlango wa watu watatu, lazima wagombane. Ndiyo maana ya kuchuna: utoe nguo usimguse mwenye nguo.

Nimekata ncha ile nikaitupa. Waya unapungua. Betri ilikuwa ikae ukumbini, sasa itakaa chumbani.

Jumamosi, 26 Julai

Leo moto. Nimeweka ncha kwenye kaa la jikoni, mpira uyeyuke wenyewe. Ukayeyuka. Shaba ikatoka nyeusi, haishiki. Na viazi vya nazi vya futari vimenuka gurudumu. Ishaka kaja kufuturu, kala sahani tatu, ndipo kauliza nani anachoma gari.

Mwanarusi kaniondoa jikoni kwa mwiko.

Jumapili, 3 Agosti

Nikafikiri: baada ya magharibi kinywa ni changu. Leo tulipokwisha kufuturu nikachukua waya. Ncha moja ikatoka nzuri kabisa. Sasa ziko tatu. Ya pili nikauma, nikavuta — waya ukabaki, jino likatoka. La chini, la kushoto.

Haikuuma sana. Nilicheka hata. Mwanarusi kasema ngoja nilitafute tulitupe juu ya paa. Kashika kandili, kapapasa mkekani kwa vidole. Huku. Kule. Mara tatu mkono wake umepita kando ya jino. Lilikuwa jeupe juu ya mkeka wa rangi nyekundu, kama punje ya mchele.

"Silioni," kasema.

"Hata mimi," nikasema.

Nimeliokota alipokwenda kuosha vyombo.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeyakubali, mimi Matano. Nimevuka kisiwani kununua chombo cha kuchunia waya. Fedha ni ile ya kitambaa cha kanzu ya Idi. Kanzu ya zamani ina tundu moja tu, na liko mahali ambapo nikikaa halionekani.

Duka la vyuma la Premji. Mhindi mzee kama mimi, ila meno yake ni ya kununua, yamepangika kama vigae. Kanitandikia makoleo matatu juu ya meza.

La kwanza lina skrubu katikati ya vipini. Unaipindua skrubu, mdomo unafunga mpaka pale unapotaka, hauzidi. La pili lina vipini vyekundu, linang'aa, na mdomoni lina tundu moja la saizi yake. Ya namna hiyo alikuwa nayo kadha, kila koleo na tundu lake. La tatu ni la Kimarekani. Ukilibana, upande mmoja unaushika waya na upande mwingine unauvua mpira wenyewe, kama kaa aliyesoma. Hilo la tatu nililibana mara ishirini, mpaka Premji kaniomba nilipumzishe. Bei yake ni ya kuoa mke wa pili.

"Waya wako una unene gani?" kauliza.

Sikuja nao. Nikauma hewa, nikamwonyesha: hivi.

"Mzee, hapo nakuuzia koleo la kuchunia hewa. Rudi na kipande."

"Waya mimi naujua kwa meno tangu hujafungua duka."

"Basi chukua la skrubu. Hilo hujifunza waya wowote."

Ushauri wa haki. Lakini hilo la skrubu lilikuwa limepauka, limekaa kama mtu asiyejua anataka nini. Na lile jekundu linaniangalia. Nikaomba hayo mekundu moja moja, nikayaweka mdomoni kupima tundu kwa jino. Premji kafumba macho. La nne likakaa sawasawa na waya ninaoukumbuka. Nikalinunua. Feri nzima nimelifungua na kulifunga, abiria wakanipisha nafasi.

Alhamisi, 7 Agosti

Halishiki. Tundu ni kubwa. Linapita juu ya mpira kama linaubembeleza.

Nimekaa nikafikiri kosa liko wapi, na nimelipata. Nilipima kwa meno, na jino moja halipo. Nimenunua saizi ya pengo.

Niliporudi kutoka msikitini nikamkuta Mwanarusi analo koleo. Anabana nalo shazia, ile sindano kubwa ya kushonea mkeka, na kuivuta ipite kwenye ukili mgumu. Kila siku vidole vyake hupata malengelenge kwa kuivuta.

"Baba Dhahabu, hili umeniletea koleo la maana kabisa."

Nikasema tu, "Nililiona nikakukumbuka." Uongo mwembamba kuliko waya.

Sasa kulibadilisha mpaka kwanza nimwibie.

Jumanne, 12 Agosti

Nimejifunza kisu. Unaulaza waya juu ya ubao, unauviringisha chini ya makali bila kubonyeza. Ncha tatu zimetoka, mbili zimeharibika. Ziko sita. Zimebaki mbili za globu, na waya hauna ziada hata ya upana wa ukucha. Betri sasa iko chini ya kitanda changu, karibu na kichwa. Nikiharibu moja tu, globu haifiki kwenye mkeka wa Mwanarusi. Itaniwakia mimi nikiwa nimelala.

Mchana wa saumu si wa kucheza na kisu, na futari iko mbali. Nimeacha.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimemwibia. Nilipotoka Ijumaa nikavuka na koleo chini ya kofia, nikabadilishe na la skrubu. Maduka ya Wahindi yamefungwa! Bendera kila dirisha, watu wamevaa nguo nyeupe, wanakumbatiana njiani. Kwao India wamepata uhuru leo. Nimemwona Premji mbele ya duka lake, meno yote nje.

"Mzee, leo hata gavana simuuzii msumari."

"Utafungua lini?"

"Jumatatu."

Jumatatu mwezi ukikamilika ni Idi. Lakini nimempa mkono wa heri, na ulitoka moyoni. Mtu aliyerudishiwa nyumba yake haulizwi habari za koleo. Kanitia mkononi ladu, kitamutamu chao cha sikukuu. Nimefunga, nikaitia mfukoni, ikayeyuka mpaka ubavuni.

Nyumbani Mwanarusi alikuwa anatafuta koleo lake chini ya kila kitu, kwa mikono. Nikaliweka kando ya goti lake. "Hili hapa," nikasema, "lilikuwa mbele yako." Kaliokota. Halafu kasema taratibu, labda Dhahabu anasema kweli.

Nikaingia chini ya kitanda kuitazama betri.

Jumatatu, 18 Agosti

Idi. Nimeswali na kanzu yangu ya tundu, nimekaa kila nilipoweza.

Dhahabu kaja na feri ya saa tatu, halua mkono mmoja na mfuko mtupu mkono wa pili. "Shikamoo baba, Idi njema." "Marahaba. Huo mfuko una njaa?" Kacheka, lakini hakuuweka mbali. Baada ya chakula katia leso mbili za mama yake, na dawa ya macho, na shazia, na lile koleo jekundu. Mwanarusi kamwachia atie. Feri wanayoingoja ni ya saa kumi.

Nikaona sasa ni sasa. Nikatoa waya, ubao, kisu. Dhahabu kasema baba, leo ni Idi, pumzika. Nikaanza kuviringisha. Kisu kinacheza kwenye vidole vyangu kama kina homa.

"Lete," kasema Mwanarusi.

"Hutaona."

"Nani kakwambia naona kwa macho? Lete."

Kaushika waya, kauingiza kinywani upande wa kulia, pale pale anapochania miyaa. Ramadhani imekwisha, meno yamerudi kazini. Hakuuma, aligusa tu. Kazungusha. Kavuta. Mpira ukatoka kama ganda la kunde. Kapitisha ulimi, kahesabu.

"Saba. Ndizo?"

Nimetazama mwangani. Saba, hakuna hata uliokwaruzika.

"Ndizo."

Miaka arobaini nimeishi na kinywa hicho nikidhani kazi yake ni kunijibu tu.

Kasema nisiguse kitu, nikae kule. Ndiyo sababu naandika, mikono haina kazi. Ncha ya nane iko mdomoni mwake hivi sasa. Dhahabu kasimama mlangoni, anatazama njia ya feri, anatazama mama yake.

"Mama, twende au hatuendi?"

Mwanarusi kajibu na waya kinywani. Hatukuelewa, si mimi si Dhahabu.

"Baba, kasema nini?"

"Mimi nimekatazwa kugusa kitu. Hata hilo."

Feri imepiga honi ya kwanza. Mwanarusi katema kipande cha mpira, kahesabu kwa ulimi, kanyosha mkono bila kugeuka.

"Dhahabu, nitolee koleo langu humo mfukoni. Nizikaze hizi ncha."

Dhahabu ameinama. Anatafuta. Katoa leso ya kwanza, kaiweka sakafuni. Katoa na ya pili, na dawa, na shazia, na koleo; mfuko umebaki mtupu kama ulivyokuja.