Simu Juu ya Kiti cha Janvier

Vårby gård,
Stockholm, Uswidi.
6 Novemba 2024.

Mpendwa shemeji Ludovic,

Pokea salamu za huku kwenye baridi, wewe na Mama Nathaniel na watoto wote. Goti lako linasemaje? Najua utamwambia Mama Nathaniel aandike kwamba limepona, nami sitaamini, kwa hiyo aniandikie ukweli wake yeye. Mvua zimeanza? Mahindi ya kule bondeni mmeshapanda? Sisi miili ni mizima. Saa kumi jioni giza limeshaanza kuingia, na kazi yangu kwenye nyumba ya wazee inaendelea, ndiyo hivyo.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nimempa Emérithe wa kwaya yetu, anayekuja Kigoma kumwona mama yake. Kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza tu unanitania kwamba nimezeeka, nacheka, na neno langu linabaki tumboni. Barua haikatizwi. Kaa chini, Mama Nathaniel akusomee mpaka mwisho.

Shemeji, ninaogopa. Tangu nilipokimbia na watoto mgongoni sijaogopa hivi, na siku zile angalau nilijua ninachokikimbia.

Mwanangu Valéry, ambaye ni mwanao pia, unavyojua ni rubani wa ndege za mizigo. Zinaruka usiku ili vifurushi vya watu vifike asubuhi. Leo uwanja huu, kesho nchi nyingine. Mchana ndio usiku wake. Dirisha la chumba chake nimeliziba kwa blanketi, natembea na soksi, hata redio siwashi.

Wiki iliyopita walitua kwenye uwanja mmoja, mvua inanyesha, na yeye ndiye aliyekuwa akiiendesha ndege chini kuelekea wanakoegesha. Uwanja wa ndege usiku hauna duka wala mti wa kukuonyesha njia, ni taa tu. Za buluu ni za njia za kupita, nyeupe ni za barabara ya kurukia. Mtoto anayajua hayo kama wewe unavyoujua mlango wa nyumba yako. Lakini kichwa kilikuwa kimechoka, kikawa kinamsomea uwanja wa jana yake. Akakata kona pale ambapo jana kulikuwa na kona. Akaingia kwenye barabara ya kurukia, taa nyeupe akaziona kwa macho yake mawili, na bado akaendelea. Mwenzake alikuwa ameinamia vyombo. Mbele yao ndege nyingine, imejaa abiria, imeanza kukimbia ili ipae. Watu wa mnara wa kuongozea ndege wakaipigia kelele kwenye redio, nayo ikashika breki. Valéry anasema waliona taa zake zikikua, zikikua, halafu zikasimama.

Hakuna aliyeumia.

Asubuhi nilimkuta nje ya mlango wetu anajipapasa mifuko kutafuta ufunguo, na ufunguo uko mkononi mwake. Nikamuuliza ana nini, akanijibu Kiswidi chao, "det är lugnt, mamma," yaani hali ni shwari. Shwari gani hiyo? Baadaye ndipo aliponieleza, ameketi jikoni na koti lake la kazi, chai imepoa mbele yake. Akasema, "Mama, sikujua niko wapi. Na kibaya zaidi, nilidhani najua."

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, na usikasirike kabla hujamaliza. Mchana uliotangulia safari ile ndio mchana mliowapokea washenga wa binti yako Diane. Kiti cha marehemu kaka yako Janvier, baba yake Valéry, mkakitoa chumbani, mkakitandika kitambaa, mkaiweka simu juu yake, spika imefunguliwa. Wewe, baba mzazi wa binti, ukakaa pembeni kwenye benchi. Washenga wakileta neno, mnakigeukia kiti. Wakitoka nje kushauriana, mnamwambia Valéry asikate. Lilikuwa jambo zuri, sikatai. Nililia kwa furaha kusikia wazee wazima wakimwita mwanangu mzee. Lakini wakati wote huo yeye alikuwa kitandani huku, gizani, simu sikioni, mpaka jioni. Akaoga, akaenda kazini.

Na si siku hiyo tu. Paa la shangazi yao, mpaka wa shamba, mtoto wa nani asome wapi, kila kitu mnasema kimsubiri mwenye kiti. Nanyi mnapiga mchana, kama watu wote wapigavyo.

Kazini kwao rubani aliyechoka anaruhusiwa kusema amechoka, na halaumiwi. Nikamuuliza, mbona hukusema? Akanijibu, "Ningewaambia nini? Kwamba nililala kitandani Stockholm lakini nilikuwa nimekaa kitini Kasulu?" Wamempumzisha wakati wanachunguza, na anarudi angani mwisho wa mwezi huu. Jumamosi hiyo hiyo ya mwisho wa mwezi ndiyo siku ya mahari ya Diane. Usiku wake anaruka. Nimemsihi awaambie kwamba hatakuwepo, hataki. Anasema baba mdogo ataaibika mbele ya wakwe, na kwamba yeye bado kijana, atastahimili. Hapo ndipo ninapozidi kuogopa, maana hata siku ile alisema ataweza.

Siku hizi nikisikia ndege juu ya nyumba nasimama nilipo, hata kama nina sahani ya mtu mkononi. Jana alikuwa amelala, nikamsikia anataja rangi ndotoni. Buluu, buluu, nyeupe. Nikakaa sakafuni nje ya chumba chake mpaka akanyamaza.

Najua kwa nini hukikalii kile kiti. Hutaki watu waseme umempora yatima nafasi ya baba yake. Una moyo mzuri, Ludovic, na ukaidi wa punda pia. Lakini heshima si utumwa. Na tuambizane ukweli, mimi na wewe tulikuwepo. Janvier vikao vikirefuka alikuwa anasinzia kwenye kiti hicho hicho, kidevu kifuani, na wewe ndiye uliyekuwa unamalizia maneno kwa niaba yake. Akiamka anasema, "Kama alivyosema mdogo wangu," na watu wanacheka. Usingizi wa Janvier haukumdhuru mtu. Usingizi wa mwanawe una ndege nzima ya watu mbele yake.

Kwa hiyo Jumamosi hiyo ondoa simu, ukae wewe. Wakikuuliza kwa idhini ya nani, waambie mjane wa Janvier ndiye aliyekukalisha, na atakayebisha asomewe barua hii. Valéry usimwambie kwamba nimekuandikia. Mwambie tu umeamua, na kwamba kuanzia sasa maneno ya nyumba yaje kwako. Kwangu hatakubali, mimi ni mama, na woga wa mama watoto wameshauzoea. Kwako atatii.

Nisalimie Mama Nathaniel, na shangazi, na Nathaniel mwenyewe. Mwambie Diane kitenge chake anacho Emérithe, na kwamba namwombea ndoa yenye utulivu. Mungu ailinde nyumba yenu, awape mvua ya kutosha, na goti lako alitazame pia.

Siku hiyo mkiwa katikati ya vigelegele, pengine mtatamani asikie hata kidogo. Msipige. Nitakuwa nimekaa nje ya mlango wake, na ndani mtoto wa kaka yako atakuwa amelala.

Ni mimi shemeji yako nikupendaye,
Godelieve, mke wa Janvier.